Maneno Yote Anayajua: Uchambuzi wa Kisa cha Msomaji Mmoja wa Kiswahili kama Lugha ya Pili

## Usuli

Kisa hiki kilijitokeza katika utafiti mdogo wa ufahamu uliowahusisha watu wazima 12 waliokuwa wakijifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Lengo lilikuwa la kawaida: kuona ni kwa kiasi gani ufasaha wa kusoma na ukubwa wa msamiati vinakwenda sambamba na ufahamu. Kila mshiriki alisoma kwa sauti vifungu vitatu vifupi, nasi tukahesabu makosa na muda. Kisha alijibu maswali 10 ya kuchagua jibu moja kati ya manne, yaliyoandikwa kwa Kiswahili, na mwishoni akaeleza maana ya maneno yaliyochaguliwa kutoka katika vifungu hivyo. Taarifa zinazoweza kumtambulisha mshiriki yeyote zimeondolewa, na kifungu kitakachonukuliwa kimeandikwa upya kwa namna inayohifadhi ugumu uleule wa kile cha awali.

Mpango huo haukutoka hewani. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la mambo mawili yanayozidishana: uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kwa kuwa ni kuzidisha na si kujumlisha, kimoja kikiwa sifuri, zao lote huwa sifuri. Tulipima la kwanza kwa kusoma kwa sauti, la pili kwa msamiati, na zao lake kwa maswali. Kwenye karatasi, mpango ulikuwa umekamilika.

## Msomaji

Mshiriki ninayemwita Msomaji alikuwa mtu mwenye elimu ya juu, aliyezoea kusoma maandishi marefu na mazito katika lugha yake ya kwanza, lugha isiyokuwa na ngeli za nomino. Alikuwa amejifunza Kiswahili darasani kwa takriban miaka miwili. Alisoma vifungu vyote vitatu kwa makosa mawili tu, akitua kwenye mkato na kushusha sauti kwenye nukta, hata mwenzangu aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili akaandika pembeni mwa daftari lake: «anasoma kama mzawa». Katika maswali alipata manane kati ya kumi. Katika msamiati hakukosa hata neno moja. Kwa kila safu ya jedwali letu, huyu ndiye aliyekuwa msomaji bora wa kundi zima.

## Yaliyotokea

Nilipokuwa nakusanya karatasi, nilimuuliza kwa mazungumzo tu, na kwa lugha yake ya kwanza ambayo naifahamu, amekionaje kifungu cha mtoto na barua. Swali hilo halikuwamo katika mpango wa utafiti. Kifungu chenyewe kilikuwa hiki:

«Mwalimu alimpa mtoto barua na kitabu. Alimwambia aipeleke nyumbani na akiache shuleni. Mtoto aliisahau mezani, na jioni mama yake alipokipokea alishangaa, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa habari.»

Msomaji alinisimulia bila kusita. Mwalimu alimpa mtoto barua na kitabu, akamwambia avipeleke nyumbani atakapoondoka shuleni. Mtoto alikisahau kitabu mezani, kama ilivyo kawaida ya watoto. Mama alipoipokea barua alishangaa, kwa sababu ilikuwa na habari asizozitarajia.

Ilikuwa hadithi nzuri, yenye mantiki kuliko hata ya kwetu, ila si iliyoandikwa. Katika kifungu, kitu cha kupelekwa nyumbani ni barua na cha kuachwa shuleni ni kitabu; mtoto akafanya kinyume chake, na mama aliyeahidiwa habari akajikuta ameshika kitabu. Msomaji aliona kinyume cha kila tukio lenye uzito, na bado maswali yote matatu ya kifungu hicho aliyapata.

Siku tatu baadaye tuliketi tena na kifungu hicho hicho mezani. Nilimwomba asome sentensi moja moja na kusema kila kinachompitia akilini, kwa lugha anayoitaka. Mbinu hii ya kuwaza kwa sauti ilipata misingi yake ya kisasa kwa K. Anders Ericsson na Herbert Simon mwaka 1980, na sharti lake moja ni gumu kuliko linavyoonekana: anayesikiliza asiulize «kwa nini», kwa sababu swali hilo humfanya msemaji atunge sababu ambayo hakuwa nayo.

Alipofika kwenye «akiache» alisema: «Hii ni akiacha, anapoacha shule, yaani anapoondoka.» Herufi moja ya mwisho ilikuwa imebeba kila kitu. Katika *akiacha*, -ki- ni ya masharti au ya tendo linaloendelea. Katika *akiache*, irabu ya mwisho inaonyesha hali tegemezi, yaani ya kutaka jambo lifanyike, na -ki- hiyo hiyo ni kiambishi cha mtendwa kinachosimama badala ya kitabu. Alikuwa ameitamka -e kwa usahihi kabisa siku tatu zilizopita, na aliitamka kwa usahihi tena mbele yangu. Sauti ilitoka mdomoni bila kupita kwenye maana.

Katika «aliisahau» alisema tu «akasahau», na nilipongoja aendelee, akaongeza: «kitabu, bila shaka». Katika «alipokipokea» alitambua *pokea* na -po- ya wakati, lakini -ki- ilimpita. Katika «ameahidiwa» aliona *ahidi* na kuacha -w-, hivyo mama akageuka kuwa mtoa ahadi, kisha, kwa kuwa hilo halikuleta maana, akaamua kwamba sentensi yote inahusu habari zilizomo katika barua. Mwishoni alisema maneno niliyoyaandika papo hapo: «Maneno yote nayajua. Sikuona mahali pagumu.»

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutomsahihisha. Nilitaka kujua kama kosa ni la usikivu wa siku moja au ni desturi ya kusoma, na kumsahihisha kungeharibu ushahidi huo. Sikustarehe na uamuzi huo, kwa sababu mtu huyu alikuja kujifunza, si kuchunguzwa tu. Nilimweleza kwamba tutarudi kwenye kifungu hicho pamoja, na tulirudi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwaita washiriki wote 12 wasimulie upya kwa lugha zao za kwanza, maandishi yakiwa mbele yao. Yote mawili yalikuwa na sababu. Maandishi yalibaki mezani ili tusipime kumbukumbu tukidhani tunapima ufahamu. Lugha ya kwanza ilitumika kwa sababu mtu anaweza kuelewa jambo asiloweza kulieleza katika lugha anayojifunza. Elana Shohamy alionyesha mwaka 1984 kwamba wanafunzi hufanya vizuri zaidi maswali ya ufahamu yanapoulizwa katika lugha yao wenyewe, na James Lee alipata matokeo ya mwelekeo huo kwa usimulizi mwaka 1986. Kwa Msomaji, lugha ya kwanza ilifanya kazi ya ajabu zaidi: ilifichua kutoelewa ambako maswali ya Kiswahili yalikuwa yamekufunika. Washiriki wengine watatu walionyesha hali kama yake, ingawa si kwa ukamilifu huo.

Uamuzi wa tatu ndio uliotuaibisha. Tuliwapa maswali yetu watu wachache wanaokijua Kiswahili vizuri ambao hawakuwahi kuviona vifungu, tukawaomba wakisie. Katika kifungu cha pili, kilichohusu uhifadhi wa mbegu, walipata zaidi ya nusu ya maswali. Swali lililouliza kwa nini mbegu huwekwa mahali pakavu halikuhitaji kifungu chochote. Janice Keenan na Rebecca Betjemann walikwisha kuonyesha mwaka 2006 kwamba hata katika jaribio linalotumika sana la kusoma kwa Kiingereza, sehemu kubwa ya maswali hujibika bila kusoma kifungu. Tulikuwa tunaijua kazi hiyo, lakini hatukuona kwamba inatuhusu.

Maswali ya kifungu cha barua yalikuwa na udhaifu wa namna nyingine. Tuliuliza nani alimpa mtoto barua, kitu kilisahauliwa wapi, na mama alihisi nini. Kila jibu lilikuwa neno lililokaa wazi karibu na neno lililorudiwa katika swali: *mwalimu*, *mezani*, *alishangaa*. Hakuna hata moja lililouliza kitu gani kilikwenda wapi, ilhali hilo ndilo kiini cha habari.

Uamuzi wa nne ulizua ubishi. Mwenzangu alishikilia kwamba alama za awali zibaki kama zilivyo, kwa kuwa ndizo tulizoahidi kuzikusanya. Mimi nilitaka kumwondoa Msomaji katika hesabu. Hoja yake ilishinda, na sasa naona ilistahili: kuondoa mshiriki kwa sababu alama yake inatusuta ni kuulinda mpango dhidi ya ushahidi. Tulibakiza alama, tukaongeza safu ya usimulizi, tukaziweka mbili hizo bega kwa bega.

Baada ya hapo Msomaji na wale watatu waliomba wasaidiwe. Tulikutana nao mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Tuliacha kabisa kusoma kwa sauti. Badala yake kila mmoja alisoma kimya akiwa na kalamu, akazungushia kila kiambishi cha mtendwa, akachora mstari kutoka kwenye kiambishi hadi kwenye nomino yake, kisha akasimulia. Maswali yote yaliandikwa upya ili jibu litegemee kiambishi: nani kafanywa nini, kipi kimekwenda wapi.

## Matokeo

Mwishoni mwa wiki sita Msomaji alipewa kifungu kipya cha ugumu unaokaribiana na ule wa mwanzo, pamoja na maswali ya mtindo wa zamani. Alisoma polepole kuliko awali, na katika maswali alipata saba, pungufu kwa moja. Usimulizi wake, hata hivyo, ulikuwa sahihi isipokuwa katika jambo moja dogo, na mara mbili alijikatiza mwenyewe katikati ya sentensi na kusema: «Ngoja, hii *u-* ni ya nini?» Swali hilo hakuwahi kujiuliza katika kikao cha kwanza.

Kama tungekuwa na jedwali la awali peke yake, tungeandika kwamba mafunzo yalimrudisha nyuma katika kasi na katika ufahamu.

## Uchambuzi: kilichotudanganya

Tulichanganya mambo mawili, kulitamka neno na kulielewa, ambayo tahajia ya Kiswahili huyatenganisha kwa urahisi mno. Katika Kiingereza, ambako herufi zilezile hutamkwa kwa namna nyingi, mtu anayelitamka neno sawasawa mara nyingi ametoa dalili kwamba analifahamu. Philip Seymour na wenzake walipolinganisha mifumo 13 ya tahajia za Ulaya mwaka 2003, watoto wa lugha zenye tahajia ya wazi, ambako herufi hutamkwa kama ilivyoandikwa, walikaribia kilele cha usahihi kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza wa shule, huku wa Kiingereza wakiachwa nyuma sana. Tahajia ya Kiswahili ni ya wazi kama hizo za kwanza. Mtu mzima anayejua kusoma herufi za Kilatini anaweza kukitamka Kiswahili vizuri baada ya siku chache, akiwa hajui neno hata moja. Kwa hiyo kipimo chetu cha kwanza kilikuwa kimejaa kabla ya utafiti kuanza. Hakikuweza kumtofautisha yeyote na yeyote, na uzuri wa sauti ya Msomaji ulitufanya tumwamini kwa mambo ambayo sauti haiwezi kuyathibitisha.

Kosa la pili ni la kina zaidi, nalo linahusu neno ni nini. Marcella Hu na Paul Nation, mwaka 2000, waliwapa wasomaji hadithi ambayo baadhi ya maneno yake yalibadilishwa kuwa maneno ya kubuni, wakapata kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ya kifungu ili akielewe bila msaada, na kwamba kwa asilimia 80 hakuna aliyefikia ufahamu wa kuridhisha. Norbert Schmitt, Xiangying Jiang na William Grabe, mwaka 2011, walitumia wasomaji 661 kutoka nchi nane wasione mpaka wa ghafla. Ufahamu ulipanda kidogo kidogo kadiri maneno yanayojulikana yalivyoongezeka. Wanatofautiana kuhusu mpaka, lakini wote walihesabu maneno ya Kiingereza, ambako neno moja lililoandikwa hubeba vipashio vichache, yaani vipande vichache vyenye maana.

Kifungu cha barua kina maneno 26. Kwa orodha yetu ya msamiati, Msomaji alikuwa na asilimia 100, kwa sababu tulimuuliza *peleka*, *acha*, *sahau*, *pokea* na *ahidi*. Lakini hayo hayakuwamo kifunguni. Yaliyokuwamo ni *aipeleke*, *akiache*, *aliisahau*, *alipokipokea* na *ameahidiwa*. Ukiyatoa hayo matano, yanabaki 21, yaani asilimia 81 hivi. Sidai kwamba neno lililoeleweka nusu ni sawa na neno la kubuni, wala kwamba takwimu za lugha moja huhamia katika nyingine bila kupoteza kitu. Hata hivyo, asilimia hiyo inafanana na hali niliyoishuhudia kuliko ile 100 iliyokuwa katika jedwali.

Na kuna jambo ambalo hesabu ya maneno, hata ikisahihishwa, hailigusi. Neno geni hujitangaza: msomaji husimama, hukunja uso, hutafuta kamusi. Kiambishi kilichorukwa hakijitangazi. Batia Laufer aliandika mwaka 1989 kuhusu maneno yanayodanganya kwa uwazi wake, ambayo mwanafunzi hayatafuti maana yake kwa kuwa anadhani anayo tayari. Katika Kiswahili hatari hiyo haikai katika maneno machache tu ya pekee. Karibu kila kitenzi kinaweza kuwa nayo, kwa sababu mzizi unaofahamika humkaribisha msomaji kwa bashasha na kumpitisha viambishi bila kuviangalia. «Sikuona mahali pagumu» haikuwa majivuno. Ilikuwa ripoti ya kweli.

## Uchambuzi: nguvu iliyogeuka pazia

Charles Alderson aliuliza mwaka 1984 kama ugumu wa kusoma katika lugha ya kigeni ni tatizo la kusoma au ni tatizo la lugha, na watafiti wengi tangu hapo wamejibu kwamba ni yote mawili kwa viwango tofauti. Elizabeth Bernhardt, mwaka 2005, alikadiria kwamba uwezo wa kusoma katika lugha ya kwanza hueleza takriban asilimia 20 ya tofauti za ufahamu, ujuzi wa lugha ya pili asilimia 30 nyingine, na nusu iliyobaki haijaelezwa. Alisisitiza pia kwamba vyanzo hivi hufidiana.

Maelezo ya fidia ndiyo yanayomfaa Msomaji, ila kwa sura ambayo sikuitarajia. Uzoefu wake mkubwa wa kusoma haukuziba pengo la sarufi, ulilifunika. Msomaji dhaifu angekwama kwenye «na akiache shuleni» na kukiri kwamba hakuelewa. Huyu alijua hadithi zinavyokwenda, watoto husahau nini na barua huleta nini, akajenga upya habari nzima kutokana na nomino na mizizi ya vitenzi. Kwa maneno ya Walter Kintsch, mwanasaikolojia aliyechunguza ufahamu wa matini, picha ya tukio akilini mwake ilikuwa kamili, lakini haikusimama juu ya matini. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaotolewa mara kwa mara kwamba mwanafunzi wa lugha ya pili ahimizwe kwanza kukisia kwa muktadha. Kwa mwanafunzi wa aina hii, kukisia ndicho kitu asichohitaji kuongezewa.

## Kilichofaulu na kilichoshindikana katika mafunzo

Kuchora mistari kulifanya kazi kwa sababu kulimlazimisha Msomaji kuona kwamba kiambishi ni neno lenye mwenyewe. Kusimulia kwa lugha ya kwanza kulifanya kazi kwa sababu hakukumwachia mahali pa kujificha. Haya mawili ningeyarudia bila kubadilisha.

Lakini kanuni tuliyoifundisha ilikuwa fupi kupita kiasi. Tulisema -ki- itafute nomino ya ki-. Wiki ya tatu alikutana na sentensi «Kijana alikibeba kikapu hadi mtoni, akakitua, akalala», akachora mstari kutoka -ki- ya *akakitua* hadi kwenye *kijana*, kisha akaniuliza kwa dhati ni nani aliyemtua kijana huyo. Nomino za viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa a-/wa- hata zikianza kwa ki-, na sisi tulikuwa tumelijua hilo tangu utotoni kiasi cha kusahau kulisema. Kosa lilikuwa letu, na liligharimu vikao viwili kulifuta.

Kushindwa kwingine hakukupata tiba ndani ya wiki sita. Katika vifungu vya ukurasa mzima, Msomaji alisimama kwenye kila kitenzi na kupoteza uzi wa habari. Alijua kila -i- ni ya nini na hakujua aya inahusu nini. Tulijaribu kumfanya asome mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka bila kalamu na mara ya pili kwa mistari, na hilo lilisaidia kwa kiasi. Viambishi vya mahali, *alimo*, *alipo* na *aliko*, havikuingia katika mafunzo kabisa, kwa sababu mara nyingi nomino yake haimo katika sentensi na mstari hauna pa kufikia.

Maswali 10 ya awali yamebaki manne. Lililoongezwa katika kifungu cha barua linauliza mama alikuwa ameshika nini alipokuwa akishangaa. Tulipowapa wale wasioona kifungu, karibu wote walichagua barua.